Kiwanja kitupu Malindi huenda kina wenyewe watatu

MSAFIRI anayeingia Malindi kutoka Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, huanza kukutana na mabango kabla hajauona mji wenyewe. Mengine yametundikwa kwenye minazi, mengine yamechorwa kwa rangi nyekundu juu ya kuta za mawe ya matumbawe, na yote yana ujumbe mmoja: kiwanja kinauzwa, piga simu. Lakini hatua chache mbele hutokea bango la aina nyingine, lenye herufi kubwa zaidi: KIWANJA HIKI HAKIUZWI.

Bango hili la pili ndilo linalopasa kusomwa kwanza. Hakuna mwenye ardhi atakayegharamia rangi na brashi kutangaza kwamba hauzi mali yake, ila awe anajua kuwa yupo mtu anayeiuza bila idhini yake. Katika miji ya Pwani, kiwanja kisichokuwa na ukuta wala mlinzi huweza kuuzwa mara mbili au tatu kwa watu wasiojuana, na kila mmoja wao akaondoka na makaratasi yaliyopigwa mihuri.

Wanaoumia zaidi si matajiri. Mwenye hoteli ana mawakili wake. Anayeumia ni mwalimu wa Nakuru aliyechukua mkopo wa chama cha ushirika, mstaafu aliyepokea kiinua mgongo chake kwa mkupuo, au Mkenya aliye ughaibuni anayemtumia ndugu yake fedha kila mwezi akiamini nyumba yake ya uzeeni iko njiani kujengwa Muyeye au Msabaha. Upande wa pili kuna familia zilizolima na kuzika wazee wao katika ardhi hiyo hiyo kwa vizazi vitatu, ambazo hupata habari kwamba imeuzwa siku tingatinga linapofika.

Ili kuelewa jinsi kiwanja kimoja kinavyoweza kuwa na wenyewe wengi, sharti kurudi nyuma zaidi ya karne moja. Kwa mkataba wa mwaka 1895, Uingereza ilichukua usimamizi wa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyomtaka kila anayedai shamba au kiwanja katika ukanda huo kuwasilisha madai yake mbele ya afisa wa kuandikisha hatimiliki. Ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo mdai wake alishindwa kuthibitisha, ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza.

Waliofaidika ni waliokuwa na nyaraka na waliojua njia ya kufika afisini. Baadhi ya familia za Waarabu na Waswahili, wafanyabiashara wa Kihindi na walowezi wa Kizungu walipata hati. Wamijikenda wengi, ambao kwao ardhi ilikuwa ya ukoo na haikuandikwa popote, waliachwa nje. Hali kadhalika wale waliokuwa wametumikishwa katika mashamba ya nafaka yaliyostawi Malindi tangu miaka ya 1860: utumwa ulipopigwa marufuku katika ukanda huo mwaka 1907 walipata uhuru wao, lakini si ardhi waliyokuwa wakiilima. Wengi walibaki pale pale, wakawa wakazi wa mashamba ambayo hati zake ziliandikwa majina ya watu wengine.

Uhuru haukuliondoa tatizo hilo. Katika makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, yaliyofunga ukurasa wa Sultani katika Pwani ya Kenya, iliahidiwa kwamba hatimiliki zilizokwisha kusajiliwa zingeendelea kutambuliwa. Hivyo basi, mwenye hati akabaki na hati yake, hata kama anaishi ng'ambo ya bahari, na mwenye jembe akabaki na jembe lake. Neno “skwota” likapata makao ya kudumu katika Kiswahili cha siasa za Pwani.

Kutokana na historia hiyo pakazuka desturi zinazomshangaza mgeni kutoka bara. Ya kwanza ni ile ya nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba yake, huirithisha na hata kuiuza, lakini udongo ulio chini yake ni wa mwingine, ambaye hulipwa kodi ya kiwanja. Ya pili ni ya miti. Kwa mila za Pwani, mwenye mnazi au mwembe si lazima awe mwenye shamba. Mnunuzi anayedhani amenunua kila kilichosimama juu ya ekari yake huweza kumkuta mzee mmoja asubuhi akiangua madafu bila wasiwasi wowote, na mzee huyo akawa anajua anachokifanya.

Suala la nyaraka nalo lina utata wake. Hadi mwaka 2012 Kenya ilikuwa na sheria kadhaa za kusajili ardhi zilizotumika sambamba. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka huo ilizifuta na kuweka mfumo mmoja, ila hati za zamani zingali mikononi mwa watu na zingali zikiuzwa. Mjini Malindi mnunuzi hukutana hasa na aina mbili. Aina ya kwanza ni hati zenye nambari ya kipande cha Malindi pamoja na nambari inayoanza kwa herufi C.R., yaani sajili ya Pwani, ambayo rekodi zake huwekwa Mombasa. Hizi huambatana na ramani iliyopimwa kwa vipimo kamili vya kila kona. Aina ya pili ni hati zenye jina la eneo la usajili, jina la sehemu, kisha nambari, kama zile za Gede na maeneo mengi ya mashambani, ambazo kwa kawaida rekodi zake huwa katika afisi ya ardhi ya Kilifi. Ramani za aina hii huonyesha mipaka ya jumla tu, na ukubwa ulioandikwa katika hati ni wa kukadiria.

Tofauti hii si ya mawakili peke yao. Anayeonyeshwa hati ya C.R. kisha akapelekwa “kuithibitisha” mahali pasipo na sajili yake anachezewa mchezo. Na anayenunua kwa kutegemea mipaka ya jumla bila kumleta mpimaji huenda akagundua baadaye kwamba ua wa jirani ndio mpaka, na kwamba barabara aliyoonyeshwa haimo katika ramani yoyote.

Vipo pia viwanja vinavyouzwa bila hati hata moja. Muuzaji huwa na barua ya kugawiwa kiwanja, au mkataba alioandikiana na mzee wa kijiji mbele ya chifu, au kipande cha shamba kubwa ambalo bado halijagawanywa kisheria. Barua ya kugawiwa si hatimiliki. Ni ahadi yenye masharti, na yasipotimizwa huanguka. Shamba ambalo halijagawanywa nalo ni hatari zaidi kuliko linavyoonekana, kwa kuwa madalali hupanda mawe ya mipaka, huchora ramani ya rangi na kuvipa viwanja nambari zao wenyewe, ilhali katika sajili ya serikali kuna hati moja tu, ya shamba zima, na pengine iko benki kama dhamana ya mkopo.

Tena kuna suala la vipimo. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 huitwa na wengi thumni ya ekari. Sivyo. Ekari moja ina futi mraba 43,560, na thumni yake ni futi mraba 5,445. Kiwanja cha 50 kwa 100 kina 5,000. Kile cha 40 kwa 80, ambacho nacho hutangazwa kwa jina hilo hilo, kina 3,200 pekee. Hati zenyewe huandikwa kwa hekta: thumni kamili ni hekta 0.0506, na kiwanja cha 50 kwa 100 ni hekta 0.0465. Anayeuziwa “thumni” kisha akapokea hati ya hekta 0.03 alipaswa kupiga hesabu kabla ya kutia saini.

Hatua ya kwanza ambayo kila mnunuzi huambiwa aichukue ni kupekua rekodi katika sajili ya ardhi. Ni ushauri mwema. Upekuzi huonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa, kama imewekwa rehani, na kama kuna zuio lililowekwa na mahakama au na mtu mwenye madai. Afadhali hati yenyewe ipekuliwe na mnunuzi au wakili wake, si na dalali, kwa kuwa matokeo ya upekuzi yaliyoletwa na muuzaji hayana thamani kuliko karatasi yaliyochapwa. Mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, ulikusudiwa kupunguza mchezo huo wa makaratasi.

Lakini rekodi haioni kila kitu, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Sheria ya Usajili wa Ardhi, katika kifungu cha 28, inataja haki ambazo humfunga mwenye hati hata kama hazikuandikwa popote katika sajili. Miongoni mwazo ni amana za kimila, yaani ardhi ambayo mtu mmoja ameandikishwa kwa niaba ya ukoo au familia, na haki za mtu aliyeikalia ardhi kwa muda uliowekwa na sheria. Muda huo ni miaka 12. Aliyekaa katika ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe wala kufukuzwa, anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba atangazwe kuwa mmiliki. Ardhi ya umma haiwezi kupatikana kwa njia hiyo.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba miaka hiyo haianzi upya ardhi inapobadilisha mmiliki. Iwapo familia imekaa katika kiwanja kwa miaka 11 wakati wa mwenye hati wa kwanza, mnunuzi mpya hana miaka 12 ya kungoja. Ana mmoja. Na hakuna upekuzi wa sajili, uwe wa Kilifi, Mombasa au kwenye kompyuta, utakaomweleza hivyo. Atakayemweleza ni jirani, iwapo atajisumbua kumwuliza.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi makini huenda kwenye kiwanja si mara moja bali mara kadhaa, na si pamoja na dalali tu. Huenda asubuhi, hurudi jioni, na huenda siku ya soko na siku ya Ijumaa. Hutazama kama kuna muhogo uliopandwa karibuni, njia inayokatiza, kisima au kaburi. Humtembelea mzee wa mtaa na chifu, na huketi na majirani bila haraka. Pwani mambo hayasemwi kwa pupa, mtu anayeuliza “kiwanja hiki ni cha nani?” akiwa bado ndani ya gari hujibiwa kwa adabu na haambiwi kitu.

Maswali mengine yanahitaji kuelekezwa penginepo. Baadhi ya ardhi katika miji ya kale ya Pwani ni wakfu, iliyotolewa na waliokufa zamani kwa manufaa ya msikiti, mayatima au kizazi chao, na mali ya wakfu haiuzwi kama mali nyingine. Tume ya Wakfu yenye makao Mombasa ndiyo ya kuulizwa. Na pale ambapo jina lililo katika hati ni la marehemu, warithi hawana mamlaka ya kuuza hadi mirathi ithibitishwe na mahakama. Kaka mmoja mwenye funguo na hati ya baba mkononi si muuzaji, hata kama ndiye kifungua mimba. Kwa muuzaji aliyeoa au aliyeolewa, idhini ya mwenziwe huhitajika iwapo ardhi hiyo ni mali ya ndoa.

Je, yule aliyefanya yote hayo, akanunua kwa nia njema na kupata hati yenye jina lake, yuko salama? Kwa miaka mingi jibu la mawakili lilikuwa ndiyo. Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi uliotikisa imani hiyo, na kesi yenyewe ilitoka Pwani. Kampuni ya Dina Management ilikuwa na hati ya kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa, ambacho kiligawiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 kwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kabla ya kuuzwa kwa kampuni nyingine na hatimaye kwa Dina. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta ikidai kwamba eneo hilo lilikuwa wazi kwa umma na njia ya kwenda ufuoni.

Majaji walikubaliana na kaunti. Walisema kuwa hatimiliki peke yake haitoshi. Mwenye kuitegemea sharti aonyeshe kwamba ardhi ilitoka mikononi mwa umma kwa utaratibu halali tangu mwanzo. Ikiwa ugavi wa kwanza ulikuwa na kasoro, aliyenunua baadaye hawezi kujikinga kwa kusema hakujua. Katiba ya 2010 yenyewe, katika kifungu cha 40, inasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Maana yake kwa mnunuzi wa Malindi ni nzito. Kumjua muuzaji hakutoshi tena. Inambidi kufuata mnyororo mzima hadi kwa mtu wa kwanza kupewa ardhi hiyo, na kuuliza ilikuwa nini kabla yake. Uwanja wa shule? Njia ya wavuvi? Soko? Ripoti ya tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyokabidhiwa serikali mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa watu binafsi kote nchini. Ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma kwa mujibu wa Katiba, na hakuna hati inayoweza kuigeuza kuwa ya mtu. Mfano wa mkono wa serikali kufika mbali ulionekana pia Julai 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru kufutwa kwa hati za takriban ekari 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22 katika kaunti ya Lamu.

Pakishaonekana kwamba kiwanja ni safi, utaratibu wa kununua si mgumu, ila una kanuni zake. Mkataba wa ardhi lazima uandikwe, utiwe saini na pande zote na kushuhudiwa. Makubaliano ya mdomo, hata yakifanywa mbele ya kijiji kizima, hayatoshi kisheria. Desturi ya mawakili ni mnunuzi kutanguliza asilimia 10, na shughuli kukamilika ndani ya siku 90. Afadhali fedha hizo zishikwe na wakili kuliko kukabidhiwa muuzaji, na abadan zisipitie kwa dalali. Kiwanja kikiwa kinahesabiwa kuwa ardhi ya kilimo, kama vilivyo vingi nje kidogo ya mji, idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi lazima iombwe ndani ya miezi sita, la sivyo mauzo hayana nguvu.

Gharama nazo hupita bei iliyotangazwa. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 katika maeneo ya manispaa na asilimia 2 mashambani, na hukokotolewa kwa thamani inayokubaliwa na mthamini wa serikali, si lazima ile iliyoandikwa na wauzaji wanaotaka kukwepa kodi. Kwa kiwanja cha Sh1 milioni ndani ya manispaa, hiyo ni Sh40,000, kabla ya ada za wakili na mpimaji. Muuzaji naye hutozwa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 badala ya 5. Kodi za ardhi zinazodaiwa na kaunti hazina budi kulipwa na cheti kutolewa kabla ya uhamisho; malimbikizo ya miaka mingi katika kiwanja kitupu ni jambo la kawaida, na huachiwa asiyeuliza.

Raia wa kigeni, ambao Malindi imewazoea tangu Waitaliano walipoanza kujenga nyumba zao huko, wana mpaka wao. Tangu Katiba ya 2010, asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa ya raia iwapo tu inamilikiwa na Wakenya kikamilifu. Hata hati za zamani za umiliki wa milele zilizokuwa mikononi mwa wageni ziligeuzwa kuwa ukodishaji wa miaka 99. Mkenya anayenunua kutoka kwa mgeni anapaswa kujua kwamba ananunua miaka iliyobaki.

Baada ya hati kutoka, kazi iliyobaki ni kukilinda kiwanja. Wanunuzi wengi hurejea bara wakikusudia kujenga “mambo yakikaa sawa”, na miaka hupita. Ukuta husaidia, na hata ua wa michongoma ni bora kuliko nyasi tupu. Wengine humweka mtu alime kunde na kuangalia mipaka, jambo zuri maadamu ameandikiwa barua, akaitia saini, inayosema kwamba anakaa hapo kwa ruhusa ya mwenyewe na kwa muda gani. Barua hiyo ndiyo inayozuia saa ya miaka 12 kuanza kuhesabu. Nakala yake ihifadhiwe pamoja na hati, na ifanywe upya mlinzi anapobadilishwa, au anapofariki na mwanawe kuendelea kuishi kibandani.